Usipoziba Ufa

(Mazungumzo ya redio. Fungu la kusoma: Yeremia 18:1–6)

Wengine mnatusikiliza mkiwa mezani na chai, wengine mmekwisha kufungua vibanda vyenu, na wengine mko njiani kwenda kutafuta kibarua.

Neno letu la leo twalielekeza hasa kwa wale wanaofanya kazi kwa mikono yao, na kwa wenye biashara ndogo ndogo. Twawakumbuka kwa namna ya pekee jirani zetu wa Kiamaiko, mtaa ule ulio karibu na Huruma, upande huu wa mashariki wa Nairobi. Jina la Kiamaiko limeenea kwa sababu ya mbuzi. Kwa miaka mingi malori yamewaleta kutoka Moyale, Marsabit, Isiolo na Garissa, na kazi ya machinjio imewalisha watu wengi: wenye kuchinja, wenye kuchuna, wenye kubeba, wenye kuuza nyama, na akina mama wauzao supu na matumbo kando ya njia. Na mahali palipo na supu hapakosi jiko la makaa.

Hebu tulitazame jiko hilo. Kwa nje ni la bati, na katikati lina kiuno chembamba kama mtu aliyejifunga mshipi. Ndani, upande wa juu, lina kikombe cha udongo uliochomwa, na chini ya kikombe mna matundu ya kupitishia hewa na kuangushia majivu. Twalinunua sokoni, twalipuliza moto, twapika, wala hatuulizi ni nani aliyelifikiria kwanza. Twadhani limekuwapo tangu siku za babu zetu. Sivyo. Jiko hili lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapa hapa Kenya, na sehemu kubwa ya kuzaliwa kwake ilikuwa Shauri Moyo. Ukitoka Kiamaiko, ukavuka Juja Road, ukapita Eastleigh na Pumwani, utafika huko kabla miguu haijachoka sana. Habari za jiko hili zina mafundisho kwa kila mtu anayetaka kufaulu katika kazi yake.

Lakini kwanza twende kwa nabii Yeremia. Katika sura ya 18 twasoma kwamba Mungu alimwagiza nabii ashuke nyumbani kwa mfinyanzi. Siku ile hakumtuma hekaluni wala kwa mfalme. Alimtuma karakana, mahali pa vumbi na matope, ili akajifunze huko. Nabii akamkuta mfinyanzi kazini, na chombo alichokuwa akikifinyanga kikaharibika mkononi mwake. Mfinyanzi hakukasirika akautupa udongo. Aliukusanya, akaanza upya, akafanya chombo kingine kwa udongo ule ule. Ndipo Mungu akasema na nabii juu ya taifa zima la Israeli.

Basi nasi tushuke karakana.

Jiko la zamani lilikuwa la chuma kitupu. Husimuliwa kwamba lililetwa na vibarua wa Kihindi waliokuja kujenga reli mwishoni mwa karne ya 19. Fundi alikata bati la pipa kuukuu, akalikunja, akatia wavu wa chuma, na kazi ikaisha. Lilikuwa rahisi kununua lakini ghali kulilisha, maana moto mwingi ulitokea ubavuni ukapotea hewani. Waliolipima walikuta kwamba katika kila sehemu kumi za moto wa makaa, moja au mbili tu ndizo zilizofika kwenye sufuria. Mama wa mjini alikuwa akitoa fedha yake ili aupashe moto upepo.

Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda sana duniani. Watu wengi walizidi kutegemea makaa, na miti ikazidi kukatwa. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa jijini Nairobi juu ya njia mpya za kupata nishati. Siku zizo hizo Wizara ya Nishati ya Kenya ilikuwa na mradi, uliosaidiwa na serikali ya Marekani, wa kutafuta namna ya kupunguza kuni na makaa. Miongoni mwa waliofanya kazi katika mradi huo alikuwa Maxwell Kinyanjui, ambaye jina lake hutajwa mara nyingi habari za jiko hili zinapozungumzwa. Yeye na wenzake walilitazama jiko la watu wa Thailand, lenye umbo la ndoo, ambalo kwa ndani limewekwa udongo uliochomwa. Wakaona ya kuwa udongo huuzuia moto usitoroke. Wakaamua kulifanya jiko la namna hiyo kwa ajili ya Kenya.

Je, lilifaulu siku ya kwanza? La hasha. Udongo ulipasuka. Chuma kikipata moto hutanuka kwa kiasi chake, na udongo nao hutanuka kwa kiasi chake. Ukivibana pamoja pasipo nafasi, kilicho dhaifu kitavunjika. Basi ilikuwa lazima watafute udongo ufaao, wajifunze kuuchoma vizuri tanurini, na waweke kati ya udongo na bati tabaka la saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, yaani mawe mepesi sana yaliyofurishwa kwa moto, ili tabaka hilo lizuie joto na kuushika udongo mahali pake. Tena waliona si lazima udongo ufike hadi chini. Wakauweka nusu ya juu tu, panapokaa makaa, na jiko likawa jepesi na la bei nafuu zaidi. Hivyo ndivyo ilivyopatikana sura ile tunayoijua leo.

Kutokana na habari hizi twataka kuyatazama mambo manne.

Jambo la kwanza ni hili: tusiuone ufa kuwa ni hukumu. Vijana wengi huanza kazi kwa furaha, na siku chombo cha kwanza kinapopasuka husema, "Mungu hakunipa bahati." Ndugu, ufa ni mwalimu. Humwonyesha fundi mahali ambapo moto umezidi, au udongo umepungua, au amefanya haraka. Asiyetaka kuutazama hawezi kujifunza lolote, hata akifanya majiko elfu.

Na wala msidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya zamani tu. Hapa Nairobi yuko binti aitwaye Nzambi Matee. Mnamo 2017 aliacha kazi ya mshahara, akaweka karakana ndogo nyuma ya nyumba ya mama yake, akitafuta namna ya kuchanganya taka za plastiki na mchanga ili apate matofali ya kutandika njiani. Mashine ilipiga kelele, na majirani wakanung'unika. Akawaomba wamvumilie mwaka mmoja. Akiba yake yote iliingia humo, na akaacha starehe za vijana wenzake. Alirudia tena na tena kupima kiasi cha mchanga na kiasi cha plastiki mpaka alipopata kipimo kinachofaa. Mnamo 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimpa heshima ya kuwa miongoni mwa vijana mashujaa wa dunia. Watu wengi waliiona siku ile ya heshima. Ule mwaka wa kelele na vumbi waliuona mama yake na majirani.

Bwana Yesu alitufundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba sharti kwanza aketi chini ahesabu gharama (Luka 14). Katika gharama hiyo tuhesabu fedha, tena tuhesabu na majaribio yatakayoharibika. Mwenye kuanza biashara akiwa na fedha za jaribio moja tu hajamaliza kuhesabu.

Jambo la pili: amsikilize yule atakayekitumia chombo. Wataalamu waliweza kupima joto kwa vyombo vyao, lakini wapikaji walikuwa akina mama. Mama wa Kenya husonga ugali, na ugali haubembelezwi. Husongwa kwa nguvu, sufuria imeshikwa kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili. Jiko lenye kitako chembamba, hata likiwa limehifadhi moto namna gani, litayumba, na uji wa moto utamwagika juu ya mtoto aliyeketi karibu. Ndiyo sababu jiko letu lina kitako kipana kama kengele. Jiko lilizidi kuwa jema kadiri vyama vya akina mama na mafundi wa mitaani walivyoulizwa maoni yao. Hapo kwanza wengine walikuwa wamelichukua kuwa ni hesabu ya moto tu. Lilikuwa pia jambo la jikoni.

Twawaona watu wengi wakifungua biashara kwa kutazama jirani anauza nini. Huyu amefungua kibanda cha chipsi, na yule naye afungua cha chipsi mlango wa pili. Hakuna aliyemwuliza mteja ana shida gani. Ndugu msikilizaji, kabla hujaomba mkopo, keti na mama muuza supu umwulize: Makaa yako yaisha saa ngapi? Mkono wako huungua wapi? Mvua ikinyesha wafanyaje? Majibu yake yana faida kuliko semina. Na kusikiliza huko ni sehemu ya kumpenda jirani, maana huwezi kumtumikia mtu usiyetaka kusikia habari zake.

Tutazame faida iliyopatikana. Jiko hili jipya liliweza kupunguza makaa kwa kiasi cha asilimia 30 hata 50, kwa kutegemea jiko lenyewe na mpishi. Basi nyumba iliyokuwa ikitumia madebe matatu yaweza kutumia mawili, na mara nyingine chini ya hapo. Bei ya debe moja kwa mtu wa Kiamaiko ni daftari za mtoto, au ni unga. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, majiko haya zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nayo. Hata leo, ijapokuwa gesi imeingia katika nyumba nyingi, jiko hili halijatoweka.

Jambo la tatu latugusa sana sisi tunaojiita Wakristo katika biashara. Jiko lilipopendwa, waigaji walikuja. Kuiga si dhambi. Fundi hujifunza kwa fundi. Lakini wako walioiga sura tu. Wakatia udongo usiochomwa vizuri, wakaacha lile tabaka la katikati, halafu wakapaka rangi nzuri nje. Jiko likakaa sokoni liking'aa. Mama akajinyima, akalinunua, na baada ya siku chache udongo ukaanza kubomoka na kuanguka pamoja na majivu. Alipokwenda kumtafuta muuzaji, muuzaji alikuwa amehamia kona nyingine.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa hauzibwi kwa rangi. Rangi huuficha tu, nao waendelea kutembea chini yake. Katika Mambo ya Walawi sura ya 19 Mungu aliwaagiza watu wake wawe na mizani ya haki na vipimo vya haki, na akayaweka maneno hayo pamoja na mambo ya ibada, ili tujue kwamba yule tunayemsujudia Jumapili hutazama vipimo vyetu Jumatatu. Muuza makaa anayegeuza kitako cha mkebe kwa ndani ili upungue, muuza nyama anayeacha kidole juu ya mizani, fundi anayepaka rangi juu ya ufa, wote hao wanaiba fedha, na tena wanaiba imani ya watu. Mama yule aliyedanganywa hatamwamini hata fundi mwaminifu atakayekuja baadaye. Ndiyo hasara kubwa. Muuzaji mmoja amekula faida ya siku moja, na mafundi kumi waaminifu wamelipa.

Twasema pia, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kazi nzuri huhitaji uvumilivu, kwa maana kizuri hujiuza polepole. Kwanza chanunuliwa na mmoja, naye humwambia jirani. Fundi akubali kuandika jina lake juu ya kazi yake, na akubali kuonekana pale pale juma lijalo. Likirudi jiko lililopasuka, alipokee, alitazame, amrudishie mtu haki yake. Hasara ya jiko moja itamfundisha kufanya mia.

Jambo la nne: kipawa hukua kinapofundishwa. Hapo mwanzo jiko hili lilitengenezwa na wachache na bei yake ilikuwa juu sana kuliko ile ya jiko la chuma. Wenye mradi wangeweza kujenga kiwanda kimoja kikubwa, wafunge mlango, wauze wao peke yao. Walichagua njia nyingine. Waliwafundisha mafundi wa jua kali, wale wagonga bati wa Shauri Moyo ambao walikuwa wakitengeneza majiko ya zamani. Mashirika ya kujitolea yaliyoungana katika KENGO yalisaidia kueneza mafunzo hayo. Mmoja alikunja bati, mwingine alifinyanga na kuchoma udongo, wa tatu aliviunganisha, wa nne alivibeba kwa mkokoteni hadi sokoni. Mafundi walipoongezeka, bei ikashuka, na mtu wa chumba kimoja akaweza kununua. Kisha jiko likavuka mipaka. Uganda, Rwanda, Ethiopia, Sudan, Malawi, hata Senegal, watu walijifunza kutengeneza majiko ya namna hiyo.

Twakumbuka habari za Bezaleli katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na ya 35. Mungu alimjaza Roho wake, naye hakuwa kuhani wala nabii, alikuwa fundi wa dhahabu, shaba, mawe na mbao. Na Maandiko yasema kwamba Mungu alimpa pia moyo wa kufundisha wengine, yeye pamoja na Oholiabu. Kufundisha kulikuwa sehemu ya karama yake. Fundi anayekufa na ujuzi wake mfukoni ameifukia talanta kama yule mtumwa wa Mathayo 25.

Labda msikilizaji mmoja atauliza: "Je, aliyelifikiria jiko alipata nini? Kila fundi mtaani atengeneza na kuuza, wala hamlipi mvumbuzi hata senti." Swali hilo ni la haki. Hatusemi kwamba mvumbuzi asilindwe. Mfanyakazi astahili ujira wake. Leo nchi yetu ina sheria ya mwaka 2001 juu ya mali ya uvumbuzi, na iko taasisi ya serikali, iitwayo KIPI, ambapo mtu aweza kuandikisha uvumbuzi wake. Haki ya uvumbuzi mkubwa hulindwa miaka 20, na uvumbuzi mdogo wa kuboresha chombo waweza kupata cheti cha miaka 10. Kijana mwenye wazo jipya asione aibu kwenda kuuliza huko kabla hajalitangaza kwa kila mtu. Hiyo ni busara.

Lakini yako mambo yasiyoandikwa katika cheti. Hesabu nyumba ambazo debe moja la makaa lilibaki kila mwezi. Hesabu mafundi waliosomesha watoto kwa kugonga bati. Hesabu miti iliyosimama. Maxwell Kinyanjui naye hakuishia kwenye jiko. Aliendelea kuhimiza watu wapande miti ya makaa, kwa kuwa jiko zuri bado linakula mti. Alijua kwamba kazi yake ilikuwa na ufa mwingine uliobaki. Na upo mwingine tena ambao yatupasa kuusema wazi kwa ajili ya uhai wa wasikilizaji wetu: jiko la makaa, hata lililo bora, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Msilale nalo likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hasa majira ya baridi. Nyumba kadha wa kadha mjini zimeingia msibani kwa njia hiyo.

Sasa twataka kusema na mtu mmoja anayesikiliza peke yake.

Twamjua kijana mmoja wa Kiamaiko, mwenye mikono mizuri ya kazi. Aliwaona wachoma nyama wakihangaika na majiko madogo, akawaza kutengeneza jiko kubwa kwa pipa zima. Akapata mkopo kutoka chama cha akina mama kumi na wawili, na mama yake mzazi akawa mdhamini. Akatengeneza majiko matatu, yakanunuliwa siku ile ile. Mtaa ukamsifu. Haikupita miezi miwili, matako ya majiko yote matatu yakatoboka kwa moto. Wanunuzi wakadai fedha. Kijana akafunga mlango, akaenda mashambani pasipo kuaga, akamwacha mama yake akikaa katika mkutano wa chama ameinamisha kichwa. Ibada akaacha, simu akazima.

Twawasihi wazazi na wazee wa kanisa, mtu wa namna hii msimwite mwizi upesi. Mara nyingi si kwamba hataki kulipa. Aogopa kuonekana na ufa wake. Tuliposikia alipo, tulimtumia salamu kwamba mama yake amgoja, na kwamba lile jiko la kwanza lingalipo, halijatupwa. Akarudi, kwa shida. Alikwenda na mzee mmoja hadi kwa yule mchoma nyama, akainama akalichungulia pipa kwa chini. Akaona kwamba makaa yalilala juu ya bati tupu, bila udongo wala nafasi ya hewa. Yule mchoma nyama alimkaripia kwa muda, kisha akamwambia, "Basi, lirekebishe." Tangu siku hiyo analipa deni kidogo kidogo kila mwisho wa juma. Hajalimaliza. Jiko lenye udongo ndani amekwisha kulifanya moja, na lingali likijaribiwa. Hatuwezi kuwaahidi kwamba atakuwa tajiri. Twaweza kusema kwamba mama yake sasa huketi katika chama ameinua kichwa.

Huko ni kufaulu, ndugu zangu, kabla ya fedha kuja. Dunia humpima mtu kwa kile alichouza. Mungu alimpeleka Yeremia aone jambo jingine: mfinyanzi ambaye chombo kilimharibikia, na ambaye hakuondoka kwenye gurudumu.

Na tena, fungu letu halikuandikwa kwa ajili ya biashara tu. Sisi wenyewe ndio udongo. Wako wanaosikiliza ambao kilichopasuka kwao si jiko. Ni ndoa, ni ahadi waliyomwekea Mungu wakaivunja, ni mkono ulioingia katika mali ya wengine. Mmekuwa mkipaka rangi juu ya ufa huo kwa miaka. Kanisani mwaimba vizuri, na nyumbani udongo waanguka pamoja na majivu. Mungu hakuutupa udongo wa Israeli, na hautupi wa kwenu. Lakini mfinyanzi hawezi kuufinyanga udongo uliofichwa. Ulete kama ulivyo. Nenda kwa mkeo, nenda kwa mwenye mali, nenda kwa mchungaji wako, useme palipopasuka. Moto wa tanuri utakuwapo, hatuwafichi, kwa kuwa udongo usiopita motoni hauwezi kubeba makaa. Lakini mkono unaowatia humo ni mkono wa mfinyanzi mwenyewe, naye anajua ni muda gani unatosha.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetuumba kwa udongo, twakushukuru kwa mikono uliyotupa na kwa akili uliyotia ndani yetu. Wabariki mafundi wa jua kali, wachuuzi, wachinjaji, na akina mama wauzao chakula kando ya njia katika Kiamaiko na katika mitaa yetu yote. Wape uvumilivu wale ambao kazi yao imepasuka. Wape ujasiri wa kurudi wale waliokimbia kwa ajili ya deni na aibu. Utuondolee hila katika vipimo vyetu. Utufundishe kufundishana. Na pale tulipoharibika, usituache. Utufanye tena kwa kadiri ya mapenzi yako, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.